Ekilibri, termodinamiki, asidi na besi: nianzie wapi?

Kadogo_Himbi
Salama bakubwa. Niko nasoma uenjinia wa mazingira hapa Goma, mwaka ya kwanza, na kemia inanichosha kabisa. Profu alianza na ekilibri, akaruka kwa termodinamiki, sasa tuko kwa asidi na besi na kila mara kuko K ingine (konstanti ya ekilibri), Kc, Ka, Ksp, Kw, na ΔG (enerji ya Gibbs) juu yake. Fomula nazishika ila zoezi ikibadilika kidogo tu napotea. Nianzie wapi? Egzame iko karibu.

Yaya_Labo
Mudogo, hizo K zote ni kitu moja, zinabadilishaka jina tu. Kamata mmenyuko moja ukae nayo: CO2 + H2O ⇌ HCO3⁻ + H⁺. Fungua tablo ya ΔG ya 25°C: CO2 ya ndani ya maji −386,0, maji −237,1, bikabonati −586,8, H⁺ sifuri. Toa, unapata +36,3 kJ. Gawa kwa 5,708 (ni RT ln 10), inatoka 6,36, ndio pK (−logi ya K). Sasa tafuta pKa ya kwanza ya asidi kaboniki kwa kitabu: 6,35! Kumbe termodinamiki na asidi-besi ni kuru moja.

Mutoto_wa_Ziwa
Na labo tuko nayo bure, Ziwa Kivu hii. pH ya juu inakaribia 9, chini inashuka karibu na 6. Weka ndani ya fomula pH = pKa + logi ([HCO3⁻]/[CO2]): juu karibu yote ni bikabonati, chini CO2 inaipita mara 2 na kidogo. Uhesabu, usinisadiki tu. Kisha sheria ya Henry (presha ya gesi ikipanda, inayeyuka mingi): metani inayeyukaka kidogo mara 20 na zaidi kuliko CO2, ndio maana kule Kibuye, Rwanda, kwenye wanatoaka metani ya ziwa, wakipandisha maji ya chini presha inashuka, metani inatoka haraka na CO2 mingi inabakia majini.

Kadogo_Himbi
Lakini si gesi inapendaka maji ya baridi? Na chini ya Kivu kuko joto kupita juu, sasa mbona gesi iko kule?

Mutoto_wa_Ziwa
Swali ya kweli hiyo. Joto inapita kidogo tu, presha ndio inashinda, ziwa iko na mita 485 kwa hiyo kule chini ni karibu atmosfia 50, tena chumvi na CO2 zinafanya maji ya chini kuwa mazito, hayapande. Ila Henry inakuambia gesi ngapi *ingeweza* kukaa, haikuambie kama imejaa. Kivu haijajaa. Ziwa Nyos ya Kameruni gesi ilitoka 1986, batu karibu 1.700 bakakufa.

Prezo_TP
Mi naona mingi yenu hamushindwe na kemia, munashindwa na logi na uniti, ΔG kwa kilojule, R kwa jule, haa! Na ile +36,3 haiseme mmenyuko haiendake, ni ΔG° (ya hali ya standa), inaendaka tu mpaka Q (hesabu kama ya K ila na konsentrasyo za sasa) ifikie K.

Kadogo_Himbi
Asante sana yaya. Nimejaribu HCO3⁻ ⇌ CO3²⁻ + H⁺, karbonati ni −527,8, nimepata 59,0 halafu 10,34, kitabu iko na 10,33. Sasa naingia kwa Ksp (K ya kuyeyuka) ya kalsiti, CaCO3.