Msaada wakuu: taasisi ya umma, kila idara ina rangi yake, naanzia wapi?

Wakuu habari za majukumu. Nipo kitengo cha mawasiliano taasisi moja ya umma hapa Dar, jina naliacha. Leterhedi ina kijani kilichokolea, stika za magari kijani cha limao, bango la getini nembo imevutwa mpaka duara limekuwa yai, na kila idara ikienda kuprinti Kariakoo inarudi na yake. Juzi kaja kijana na tangazo la ajira alilotumiwa WhatsApp, feki, kaacha kibarua chake Mbagala kuja kuulizia usaili. Utamlaumu vipi wakati matangazo yetu yenyewe hayafanani? Imeniuma sana. Bosi anataka tuchoreshe nembo mpya kabla ya Sabasaba. Hiyo ndo dawa kweli?

mchoraji_ilala:
Nembo mpya sio dawa mkuu, mtaivuruga vilevile. NASA, shirika la anga la Marekani, walibadili nembo 1975, mwaka 1992 wakarudisha ile ya zamani. Cha kujifunza kwao ni ule mwongozo wao wa kutumia nembo wa miaka ya 70, umeonyesha mpaka gari na ndege ziandikweje. Nyie hata kurasa kumi zinatosha, nembo ikae wapi, isipungue ukubwa gani, rangi zipi, fonti ipi, na mifano ya makosa. Halafu tafuta faili mama la vekta, yaani mchoro unaokuzwa bila kuharibika, aliyechora mwanzo lazima analo, la kukopi kwenye Word halifai.

Fundi Flex:
Mimi naprinti Kariakoo, niwaambie ukweli, mteja wa ofisi ananitumia nembo kwa WhatsApp, picha imeshabanwa, nikiivuta kwenye bana ya mita tatu inakuwa vumbi tupu. Na kijani cha kwenye simu ni mwanga wa RGB (nyekundu, kijani, bluu), mashine inachanganya wino wa CMYK (samawati, majenta, njano, nyeusi), kijani kikali hakitoki kilekile hata ufanyeje. Njoo na namba za rangi, za Pantone (orodha ya rangi zenye namba wanayotumia wachapaji) na CMYK, omba sampuli kwenye flex ya mabango, kwenye karatasi na kwenye fulana, saini ile uliyoikubali, ibaki dukani. Kila idara ikija naichomoa.

mama_k:
Ongezeni hili, Nembo ya Taifa inalindwa na sheria, msiichore upya wala kuibadili rangi ifanane na yenu. Na msiifinye kwenye kona, ikishakuwa ndogo "Uhuru na Umoja" haisomeki tena, bwana na bibi wanakuwa madoa.

Mleta mada:
Asanteni sana wakuu. Ila mwongozo nani ataufuata? Mikoani kila mtu ana kompyuta yake na fonti zake.

mchoraji_ilala:
Hapo ndo penyewe. Uingereza mwaka 2012 walipoanza kuhamishia tovuti za wizara GOV.UK, tovuti moja ya serikali yao, hawakuishia kushauri tu, walitengeneza vipande vya kurasa tayari, mtu anaweka maneno yake. Na wewe tengeneza template (kiolezo cha kujaza) ya barua, ya tangazo na ya slaidi, kichwa kiwe kwenye header, fonti iliyopo kila kompyuta. Bosi aandike waraka kwamba hakuna malipo ya uchapaji bila saini ya kitengo chenu. Uhasibu wakishika hapo, idara zenyewe zitakutafuta.

mama_k:
Na matangazo ya ajira yote yawekwe kwanza kwenye tovuti yenu, namba ya kumbukumbu iwe sehemu ileile kila mara, mtu akitumiwa la WhatsApp aweze kulinganisha.