Zulia la sebule: sufu, polipropilini, katani au viskosi? Tulinganishe

KonaYaSebule
Wakuu, habari zenu. Natafuta zulia la sebule na baada ya kuchuja zimebaki aina nne: (1) sufu, muuzaji anasema ni la mkono, (2) polipropilini la mashine, (3) katani au juti, (4) lile laini linalometameta kama hariri, lebo imeandikwa viskosi. Chumba ni mita 4 kwa 5, sakafu ya vigae. Sofa ina urefu wa sm 220, na upande wa pili ipo meza ya kulia ya sm 90 × 180. Ndani kuna watoto wadogo wawili na paka. Nilinganishieni uimara, usafishaji na ukubwa. Vipimo vilivyopo dukani ni 160 × 230 na 200 × 300.

Fundi_Mtande
Namba nne ifute kabisa, tubaki na tatu. Viskosi ni selulosi ya miti iliyoyeyushwa ikavutwa upya kuwa uzi, na uzi huo ukilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Glasi moja ya maji ikimwagika, manyoya (nyuzi za juu ya zulia) yanalala. Yakikauka yanabaki magumu na kuacha mduara wa njano. Ukisugua ndiyo unayakata. Kaa macho na lebo zenye majina matamu kama "hariri ya mianzi" au "hariri bandia", mara nyingi ni ukoo huohuo.

Sufu ndiyo ningeipa kura. Uzi wake una mawimbi ya asili, kwa hiyo ukikandamizwa na mguu wa kiti huinuka tena ukiupa muda na mvuke kidogo. Mafuta ya asili yaliyobaki kwenye uzi huchelewesha kimiminika kuzama, unapata dakika kadhaa za kukimbilia kitambaa. Hunywa unyevu wa hewa hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi limelowa. Kaa la moto likidondoka, sufu huungua juu na kuacha ganda jeusi unaloweza kulikwangua, haiyeyuki.

Kasoro zake: humwaga nywele miezi ya mwanzo (hasa likiwa la nyuzi fupi), nondo hulipenda, na halivumilii alikali (kinyume cha asidi, kama magadi). Dawa ya kupaushia nguo yenye klorini huila sufu yenyewe, achilia mbali rangi.

SakafuSafi
Nakubaliana na Fundi kuhusu viskosi, ila kwa nyumba yenye paka na watoto mimi natanguliza polipropilini. Uzi haunywi maji. Rangi kwa kawaida huchanganywa ndani ya plastiki kabla uzi haujavutwa, kwa hiyo haichuji kirahisi. Chai, juisi na uji vinabaki juu ya uzi mpaka uvifute.

Lakini msilinunue mkidhani halina shida. Mafuta hulishika vibaya: nyayo zenye jasho na mchuzi huacha njia ya kijivu. Manyoya yakishalala hayainuki, ndiyo maana mbele ya sofa huonekana limechoka kabla ya kingo. Tena plastiki hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 160 hivi, na kuburuta sofa zito juu yake kunaweza kuacha mstari unaong'aa ambao hautoki. Inueni, msiburute.

Chagueni manyoya mafupi yaliyosongamana, mm 8 hadi 10, badala ya marefu ya mm 30. Jaribio la dukani: likunje manyoya yakiwa nje. Ukiona kitako chake, yaani msingi ulioshika manyoya, waziwazi kati ya safu, ni hafifu, hata liwe zito mkononi. Halafu tazama nyuma: mengi yana nyuzi za juti kwenye msingi. Manyoya hayanywi maji, msingi unakunywa, na huko ndiko harufu inakoanzia.

Poliesta ni laini zaidi ila hushika mafuta na kulala upesi. Nailoni huinuka vizuri kuliko ndugu zake wa plastiki, lakini juisi nyekundu huitia rangi kama hukuiwahi.

Busati
Namba tatu umeweka vitu viwili kwenye kapu moja. Katani hutoka kwenye majani ya mkonge: uzi mgumu, unavumilia nyayo nyingi, unakwaruza magoti ya mtoto anayetambaa. Juti hutoka kwenye ganda la shina: laini mguuni, dhaifu, na kila mara inadondosha vumbi la nyuzi chini yake. Yote mawili yakilowa huacha doa la kahawia hata kama yaliyomwagika ni maji safi, kwa sababu maji yakipanda juu na kukauka hubeba rangi ya mmea wenyewe. Kulisafisha doa hilo kwa maji zaidi ni kulikuza.

Na paka je? Nguzo za kukwaruzia paka huzungushiwa kamba ya katani. Utakuwa umemtandikia nguzo ya mita sita za mraba. Katani iwekeni kwenye korido kavu au chini ya dawati.

PimaKwanza
Mnabishana uzi, na ukubwa ndio unaoharibu sebule nyingi. Tuhesabu.

Zulia linatakiwa lizidi sofa sm 15 hadi 20 kila upande. Sofa ni 220, kwa hiyo unahitaji urefu wa 250 hadi 260 angalau. La 160 × 230 linazidi kwa sm 5 tu kila upande, litaonekana kama mkeka uliosahauliwa katikati ya chumba. La 200 × 300 linazidi kwa sm 40, linatosha. Miguu ya mbele ya sofa iingie juu ya zulia sm 15 hadi 20. Hapo sofa na viti vinakuwa kundi moja, na uzito wa sofa unalizuia zulia lisihame. Kutoka ukutani bakiza sm 30 hadi 45 za sakafu tupu, chumba kikibana hata 20.

Meza ya kulia ina kanuni yake: sm 60 kila upande kupita ukingo wa meza, ili kiti kikisogezwa nyuma miguu yote minne ibaki juu. Meza yako ni 90 × 180, kwa hiyo unahitaji 210 × 300. La 200 × 300 linapungua sm 5 kila upande mrefu, na kila anayeketi ataning'inia ukingoni mpaka kona zianze kujikunja. Ama tafuta 240 × 340, ama acha meza bila zulia. Kwa chumba cha 4 × 5 chenye watoto wanaojifunza kula, ningeacha vigae vitupu pale. (Wenye meza ya duara: kipenyo cha meza jumlisha 120.)

Kabla ya kulipa, bandika utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni kwa vipimo vya zulia, kisha ishi nao siku nzima. Fungua milango yote, vuta viti.

Rangi, kwa ufupi: jeupe linaonyesha madoa, jeusi linaonyesha nywele za paka na vumbi. Rangi za kati zenye nakshi iliyochanganyika ndizo zinazosamehe. Sofa likiwa la maua, zulia liwe tulivu. Halafu manyoya yana mwelekeo: simama upande mmoja utaliona limekoza, zunguka upande wa pili utaliona limepauka. Amua upande upi utazame mlango kabla hujapandisha sofa juu yake.

KonaYaSebule
Asanteni sana. Viskosi na katani nimeziondoa, nabaki na 200 × 300. Fundi, hili la sufu nitathibitishaje kwamba ni la mkono kweli? Na tandiko la chini ni lazima?

Fundi_Mtande
Ligeuze, usitazame uso.

Ukiona nakshi nyuma ni wazi karibu kama mbele, mafundo yamepishana kidogo ukubwa, na matamvua ni nyuzi za mtande (zile za urefu zinazobeba mafundo) zinazotokeza kutoka ndani ya zulia, hilo limefungwa fundo kwa fundo. Ukiona nakshi lakini safu zimenyooka kama rula na kingo zimeshonwa kwa cherehani, ni la mashine. Ukikuta kitambaa kizima kimebandikwa nyuma, hilo limetobolewa kwa bunduki ya uzi na manyoya yameshikwa na gundi ya lateksi. Muuzaji akiita "la mkono" hadanganyi, kwa kuwa bunduki ilishikwa na mkono! Ila si daraja moja. Gundi hiyo huzeeka, hukauka na kuvunjika kuwa unga unaoukuta sakafuni, na manyoya huanza kung'oka kwa mafungu. Likiloweshwa sana, kitambaa kinaachana na zulia. Nusa nyuma: harufu kali ya mpira isiyoisha si dalili njema. Lilipie bei ya lilivyo, basi.

Jaribu na rangi. Lowesha kitambaa cheupe, bonyeza kwenye rangi iliyokoza zaidi kwa sekunde 30. Kikitoka na rangi, kila mwagiko utakuwa na msiba wake.

SakafuSafi
Tandiko kwenye vigae ni lazima: bila hilo zulia linateleza, na mchanga unaopenya hadi chini husaga msingi dhidi ya kigae. Bora ni felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) yenye mpira asilia upande wa chini, mm 6 hadi 10 sebuleni. Likate pungufu sm 2.5 kila upande, yaani kwa 200 × 300 tandiko liwe 195 × 295, ili kingo zishuke taratibu na mtu asijikwae.

Wenye sakafu ya vinili wasiweke mpira wala PVC: kemikali zake huhamia kwenye vinili na kuacha njano ambayo haisuguliki. Kwa mbao zilizopakwa vanishi, epukeni PVC. Felti tupu ni salama kote, ila haizuii kuteleza sana.

Mshindio
Na usafi wa kawaida msimsahaulishe. Vakyumu mara moja kwa wiki, mara mbili kwenye njia kuu, ukifuata mwelekeo wa manyoya. Brashi inayozunguka izimwe kwenye sufu la mafundo na kwenye manyoya marefu, na isiguse matamvua kabisa, inayala. Kila miezi mitatu ligeuze ufyonze nyuma: mtetemo unadondosha mchanga uliozama kwenye shina la manyoya, na mchanga huo ndio mkasi wa zulia. Kila miezi sita lizungushe nusu duara ili jua na nyayo zigawane.

Harufu ikianza, nyunyiza baikaboneti ya soda, acha usiku, fyonza asubuhi.

Busati
Mshindio, hapo kwenye baikaboneti naomba tutofautiane. Unga ule ni mwembamba mno, vakyumu haiutoi wote. Unabaki chini ya manyoya, unavuta unyevu, na ni alikali, jambo ambalo sufu hailitaki. Kwa polipropilini kavu mara mojamoja, sawa. Kwa mkojo wa paka haufanyi kitu, kwa kuwa chanzo kiko kwenye msingi.

Mkojo mbichi shughulikia hivi:

1. Kandamiza taulo kavu, simama juu yake, badilisha mpaka litoke kavu. Usisugue.
2. Changanya siki nyeupe sehemu moja na maji baridi sehemu mbili. Jaribu kwanza kwenye kona. Tia kidogo kuanzia nje kuingia ndani, kausha tena kwa taulo.
3. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye nusu lita ya maji. Gusagusa kwa kitambaa, kisha suuza kwa kitambaa chenye maji matupu. Sabuni ikibaki, doa hurudi kwa sababu inanasa vumbi.
4. Inua sehemu iliyolowa, weka kitu chini yake hewa ipite pande zote, washa feni. Likauke ndani ya saa 24. Likipita hapo, koga inaanza.

Mkojo ukishakauka hugeuka alikali, na hapo unahitaji dawa ya vimeng'enya. Soma lebo: vimeng'enya vinavyomeng'enya protini hula na sufu, maana sufu ni protini. Na msitumie amonia, paka huinusa akaona ni mkojo, akarudi palepale.

Fundi_Mtande
Naongezea nondo, maana kwenye sufu ndiko tatizo. Anayekula ni funza wake, si yule kipepeo anayeruka, naye hupenda giza na utulivu: chini ya sofa, nyuma ya kabati. Kwa hiyo sehemu iliyo chini ya sofa ndiyo ifyonzwe, hata kama haionekani chafu. Dalili ni mabaka yaliyopungua manyoya, vifuko vidogo kama utando, na punje kama za mchanga zenye rangi ya zulia lenyewe. Zulia dogo lifunge kwenye plastiki, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kubwa ni kazi ya wasafishaji.

Ukilihifadhi, liviringishe, usilikunje kama shuka. Lisafishwe na likauke kwanza, lifungwe kwa shuka la pamba. Plastiki inafungia unyevu ndani.

KonaYaSebule
Nimeelewa. Lile la sufu nimelitazama nyuma: lina kitambaa kilichobandikwa. Kwa hiyo la polipropilini, manyoya mm 9. Swali la mwisho: mlango wa sebule unafunguka kwa ndani na nafasi chini yake ni mm 14.

PimaKwanza
Manyoya 9 na msingi kama 3, tayari 12. Ukiweka tandiko la 6 unafika 18, mlango hautapita. Tandiko la mm 2 litakufikisha 14, utakwaruza tu. Usikate mlango: sogeza zulia litoke nje ya duara la mlango. Funga kamba yenye urefu wa upana wa mlango kwenye bawaba ya chini, zungusha ukichora kwa chaki, kona ya zulia iishie sm 5 nje ya mstari huo. Hapo tandiko la mm 6 linakaa bila shida.