Naomba ushauri: alama za "uwezo wa kuongoza" kwenye kupandisha vyeo

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa rasilimali watu hapa Tanzania.

Kamati yetu inatoa alama 100: utendaji 60, usaili 25, "uwezo wa kuongoza" 15. Hizo 15 hazina kigezo, na ndizo zinazoamua. Kwenye fomu ya mwanamke mmoja imeandikwa: "Mpole mno. Ana watoto wadogo, safari za mikoani hatazimudu." Hakuna aliyemuuliza kama atasafiri! Mwanaume mwenye watoto wa umri huohuo haandikiwi hivyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa jinsia na majukumu ya familia, lakini wajumbe wanaona wanamhurumia tu.

Tumejaribu kuficha majina. Haikusaidia, maana faili lenye likizo ya uzazi ya siku 84 linajieleza lenyewe.

Maswali yangu mawili: hizo alama 15 nizivunje kwa matukio gani yanayopimika? Na je, kila mjumbe ajaze alama na sababu zake kwa maandishi kabla ya kikao, au mwenyekiti atazibadilisha tu mezani?

Natanguliza shukrani.