Msaada: Maswali ya mazoezi ya GMAT nayamaliza, alama hazipandi

Binti Tandika
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kwa waliofanya GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, au wanaojiandaa kama mimi.

Nipo Dar, nimeajiriwa upande wa mikopo, mwakani nataka kuomba MBA (shahada ya uzamili ya biashara) Ulaya. A-level nilisoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu), kwa hiyo hesabu hazinitishi. Nasoma usiku nikitoka kazini, umeme ukiwepo. Kinachonichosha ni hiki: maswali ya mazoezi nafanya kwa wingi, nikikosa nasoma ufafanuzi na naelewa kabisa, hata mtu naweza kumfundisha. Siku chache mbele linakuja la aina ileile, wamebadilisha namba na majina tu, nakosa tena. Hasa DS (Data Sufficiency), yale yanayouliza kama taarifa ulizopewa zinatosha kupata jibu.

Niongeze idadi ya maswali au nipunguze? Nianze kujipimia muda sasa hivi? Na yale maswali rasmi ya wenye mtihani, niyafanye sasa au niyatunze mpaka siku zikikaribia? Nawasilisha.

Dalali Mstaafu
MBA ya nini dada yangu? Ada ya huko ukiileta Kariakoo unapata fremu, na mzigo unajaza.

Kisu Butu
Dalali, hajauliza hayo. Fungua uzi wako wa fremu tuje kuchangia.

Binti, kabla ya yote angalia unatumia vitabu vya lini. Huu mtihani ulibadilishwa Novemba 2023 na ule wa zamani ukasitishwa mwanzoni mwa 2024. Insha haipo tena, yale maswali ya kusahihisha sentensi hayapo, jiometri imeondolewa kwenye Quant (sehemu ya hesabu), na DS imehamishiwa sehemu mpya inayoitwa Data Insights. Hata alama ni nyingine, sasa zinaanzia 205 hadi 805. Kuna watu wanauziwa mafaili ya zamani kwenye magrupu, wanakesha na sarufi ambayo hakuna atakayewauliza.

Binti Tandika
Asante mkuu. Kitabu changu ni cha toleo jipya, hapo nipo salama.

Mama Wawili
Punguza idadi, mdogo wangu. Ukisoma ufafanuzi na kuelewa, umeelewa mawazo ya aliyeuandika. Yako bado yako palepale.

Mimi nilikuwa na daftari la makosa, na nililiwekea masharti. Ni marufuku kuandika "nilikosea hesabu" au "sikuwa makini", kwa sababu maneno hayo hayakuambii kesho ufanye nini. Andika ulichofikiri pale ulipogeuka njia. Mfano: "niliona herufi mbili nikadhani lazima niwe na milinganyo miwili." Au: "nilisahau kwamba x inaweza kuwa hasi." Au hata "nilipata jibu la faida, wao waliuliza bei ya kuuzia." Halafu swali hilo lifunike, lirudie baada ya wiki bila kuangalia jibu. Ukikosa tena, linabaki daftarini. Ukipata lakini huwezi kueleza kwa nini, pia linabaki.

Na yale uliyopata kwa kubahatisha yahesabu kama umekosa. Hapo ndipo wengi wanajidanganya.

Fundi Namba
Mama Wawili kamaliza. Mimi nichukue DS peke yake.

Kwa wasioijua: unapewa swali na taarifa mbili. Hutakiwi kutoa jibu la swali, unatakiwa useme taarifa zinatosha au hazitoshi. Machaguo hayabadiliki kamwe. A: ya kwanza peke yake inatosha, ya pili peke yake haitoshi. B: kinyume chake. C: mpaka uziunganishe. D: kila moja peke yake inatosha. E: hata ukiziunganisha bado. Yakae kichwani, usiwe unayasoma upya kila swali.

Haya, fanyeni hili nimelitunga sasa hivi:

Chungwa moja ni Sh300, embe moja ni Sh500. Asha alinunua machungwa na maembe tu. Alinunua machungwa mangapi?
(1) Alitumia jumla ya Sh1,900.
(2) Alinunua matunda matano.

Jibu na sababu.

Jongoo wa Pwani
C. Milinganyo miwili, vitu viwili visivyojulikana. Hii ni ya kidato cha pili.

Binti Tandika
Na mimi C.

Fundi Namba
Nilijua mtakuja hapo, na mtunga swali naye anajua. Jibu ni A.

Chukueni (1) peke yake. Ukigawanya kwa mia unapata 3m + 5e = 19. Kwenye karatasi ya shule mlinganyo mmoja wenye herufi mbili una majibu yasiyo na mwisho, lakini hapa mnunuzi hawezi kuondoka na nusu embe wala machungwa hasi mawili. Jaribu maembe: likiwa 1, inabaki 14, haigawanyiki kwa 3. Yakiwa 2, inabaki 9, machungwa 3. Yakiwa 3, inabaki 4, haigawanyiki. Asiponunua embe, 19 yenyewe haigawanyiki. Basi, jibu ni moja tu: machungwa 3. Taarifa (2) peke yake haina msaada, matunda matano yanaweza kuwa mchanganyiko wowote.

Sasa msikimbilie kukariri kwamba "ikiwa ni matunda, jibu ni A". Badilisha Sh1,900 iwe Sh3,100. Unapata machungwa 2 na maembe 5, au machungwa 7 na maembe 2. Hapo (1) haitoshi tena. Ukiongeza kwamba matunda yalikuwa saba, inakuwa C halali. Swali moja, jumla tu imebadilika, na jibu limehama. Ndiyo maana Binti unakosa "swali lilelile". Si lilelile.

Kwa hiyo ukimaliza swali la mazoezi usiliache. Libadilishe namba wewe mwenyewe uone jibu linahama wapi. Maswali machache ya hivyo kwa usiku mmoja yanatosha kabisa.

Jongoo wa Pwani
Aisee. Kidato cha pili nimekirudia leo.

Mtu wa Kilimani
Salamu kutoka Nairobi. Niongeze kuhusu Verbal, sehemu ya kusoma na kupima hoja, maana watu wa hesabu huidharau halafu inawaangusha. Kwenye maswali ya hoja, usiguse machaguo kwanza. Yafunike kwa mkono, kisha ieleze hoja kwa Kiswahili kama unamsimulia jirani. "Kampuni ya mabasi ilipunguza nauli, abiria wakaongezeka, kwa hiyo nauli ndiyo iliyowaleta." Ukiisema hivyo pengo linaonekana lenyewe: je, kama mwezi huohuo mshindani wake alisimamisha mabasi? Sasa funua machaguo utafute kitu cha namna hiyo. Ukianza na machaguo, yote matano yatakuvutia, kila moja limeandikwa na mtu anayejua utavutiwa na nini.

Kuhusu muda: anza bila saa mpaka aina hiyo ya maswali uizoee, ndipo ujipimie. Kila sehemu ni dakika 45. Quant ina maswali 21, Verbal 23, Data Insights 20, kwa hiyo ni kama dakika mbili kwa swali, huku au kule kidogo. Kikokotoo unaruhusiwa kwenye Data Insights tu. Na usiache maswali ya mwisho wazi, adhabu yake ni kali. Bora ubahatishe.

Kisu Butu
Na unaweza kuweka alama kwenye maswali, ukirudi mwishoni una ruhusa ya kubadilisha majibu yasiyozidi matatu kwa kila sehemu. Hilo nalo lifanyie mazoezi, wengine wanalitumia kupoteza dakika.

Mama Wawili
Kwenye kutunza maswali rasmi: ya kitabuni yatumie sasa, ndiyo yatakayokuzoesha lugha yao. Ya kutunza ni mitihani kamili. Kwenye tovuti ya wenyewe, mba.com, ipo miwili ya bure. Usiifungue kwa udadisi usiku umechoka. Ifanye asubuhi, simu imezimwa, sehemu zote tatu kwa mkupuo.

Jongoo wa Pwani
Kwa nini asifanye GRE, ule mtihani mwingine wa kuombea masomo ya uzamili? Vyuo vingi vya biashara vinaipokea na haina DS.

Mtu wa Kilimani
Inategemea. GRE ina misamiati ya Kiingereza ambayo hata magazetini huioni. Kama hesabu ni nguvu yake na msamiati si nguvu yake, atakuwa amekimbia simba akaingia kwa chui. Ila aangalie kwanza vyuo anavyotaka vinasemaje.

Binti Tandika
GRE niliiangalia, msamiati ule siuwezi kwa muda nilionao. Nabaki hapa. Fundi, lete jingine.

Fundi Namba
n ni namba kamili. Je, n ni shufwa?
(1) n² − n ni shufwa.
(2) n + 4 ni witiri.

Jongoo wa Pwani
E. Safari hii siingii mtegoni. Ya (2) inaonyesha n si shufwa, sasa itatoshaje?

Binti Tandika
B. Ya (1) ni kweli kwa n yoyote ile: 3 inatoa 6, 4 inatoa 12, kwa hiyo haijatuambia kitu. Ya (2) inasema n ni witiri. Swali limeuliza "je", na "hapana" ya uhakika ni jibu. Jongoo, wewe umechanganya "hapana" na "haitoshi".

Fundi Namba
Sawa kabisa. Sasa badilisha (2) ili jibu liwe E, halafu uiweke hapa.

Binti Tandika
n + 4 ni chanya?

Fundi Namba
Inafaa. Jongoo, eleza kwa nini.