Mrejesho: Fomu ya mauzo sasa inakaa ndani ya paneli
Ndugu zangu, narudi kuhusu swali langu la kufungua fomu ya mauzo ndani ya paneli ya fomu kuu katika Windows Forms (zana ya Microsoft ya kutengeneza programu zenye madirisha), ambapo programu iligoma kila ilipofika panelKuu.Controls.Add(fomu). Mlisema kweli: fomu huzaliwa ikiwa dirisha linalojitegemea, na haikubali kuwekwa ndani ya kidhibiti kingine (kama paneli) mpaka sifa yake ya TopLevel iwe false. Niliongeza mstari huo kabla ya Add, nikaondoa fremu kwa FormBorderStyle.None, nikaweka DockStyle.Fill ili ijaze paneli, kisha nikaita Show(), ambayo mwanzoni niliisahau na paneli ikabaki tupu (nusu saa nzima nikitafuta mchawi).

Lililonishangaza zaidi ni kwamba Controls.Clear() huiondoa fomu kwenye paneli bila kuiangamiza, hivyo kila nilipobadili ukurasa, fomu ya zamani iliendelea kushikilia kumbukumbu ya kompyuta bila kuonekana. Sasa naiita Dispose() ya fomu iliyopo kabla sijaleta mpya. Ningekuwa naanza upya ningetumia UserControl (kidhibiti cha kujitengenezea, kisicho dirisha linalojitegemea), lakini fomu 9 zimeshaandikwa, nazo zitabaki hivyo.