Mrejesho: mwenzangu aliahidi sifuri akala mzunguko mmoja, alama zihesabiweje?

Ndugu mlionijibu, nawashukuru kwa dhati. Niliuliza kuhusu shupaza, mchezo wa karata tunaocheza hapa Kirumba, wawili kwa wawili hadi alama 500, ambapo kila mchezaji huahidi mapema idadi ya mizunguko atakayoila, yaani atakayoshinda: mimi niliahidi mizunguko 5, mwenzangu akaahidi sifuri, kisha yeye akala 1 na mimi nikala 4.

Kwa kanuni tuliyoikubali jana jioni kabla ya kugawa karata, ahadi ya sifuri ikivunjika timu hukatwa 100, lakini mzunguko alioula aliyeahidi sifuri huhesabiwa katika ahadi ya mwenzake. Hivyo 5 yangu ilitimia, tukapata 50, tukakatwa 100, tukabaki na hasi 50. Kanuni iliyozoeleka zaidi haiuhesabu mzunguko huo katika ahadi ya mwenzake, na kwayo timu yetu ingeshuka hadi hasi 150. Tofauti ya alama 100 kwa ugawaji mmoja ni kubwa mno kuachwa ijadiliwe karata zikiwa tayari zimechezwa.

Ahadi ya kawaida haikuleta ubishi: ukiahidi 7 ukala 6 hupati chochote, unakatwa 70, na ukila 9 unaandikiwa 72. Mizunguko ya ziada, yaani iliyozidi ahadi, ikifika 10 unakatwa 100, jambo ambalo mimi naliona la haki kabisa, kwa kuwa linamzuia mchezaji kuahidi kidogo kwa woga.

Bado hatujaafikiana kuhusu sifuri inayoahidiwa kabla ya kutazama karata. Wazee wa barazani wanataka iwe ya alama 200, nami nawaunga mkono.