Kuvunja ukuta wa ukumbi na chumba, fundi anasema "haubebi kitu", nimuamini?

Bint_Fuoni
Asalaam alaykum jamani. Nna nyumba Fuoni, hapa Unguja, ya matofali, ya chini tu haina ghorofa, juu bati. Tunaikarabati kabla ya Ramadhani. Ukumbi mdogo mno, tukiwa na khitma nusu ya watu wanakaa barazani na mvua ikija ndo balaa, kwa hiyo nataka kuutoa ukuta baina ya ukumbi na chumba cha pembeni pawe pamoja. Fundi kaja kaugonga gonga kwa nyundo akasema huu haubebi kitu, asubuhi tunavunja jioni mnafagia. Mume wangu anasema fundi ndo anajua, mie roho inasita. Ukuta una kama mita tatu na nusu, una mlango mmoja, na juu ya mlango pana lenta, ule mkanda wa zege, imezunguka nyumba nzima. Nitajuaje kama unabeba au haubebi? Na hiyo lenta si itabaki inashikilia?

MtuWaWete
Jioni mnafagia nini, vifusi au paa 😂😂

MwashiMstaafu
Waalaykum salaam dada. Kuugonga hakukwambii kitu. Nyumba zetu kuta zote ni tofali lile lile la inchi sita, wa kubeba na wa kugawa vyumba zinalia sawa. Jawabu liko juu. Mwambie atoe kipande kimoja cha siling bodi usawa wa huo ukuta, mtu apande na tochi atazame kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati. Kama ule mti wa chini wa kenchi unatoka ukuta wa nje huku mpaka ukuta wa nje kule na hapo kati unapita tu haukalii kitu, basi huo ni wa kugawa, vunja. Kama kenchi imeukalia ukuta, au pana mbao mbili zimeungwa hapo hapo juu yake, au ukuta umepanda mpaka mbao za bati zimelala juu yake, huo umebeba paa na mtu asiuguse. Mafundi wengi wanaunga juu ya ukuta wa kati makusudi ili watumie mbao fupi, rahisi kupatikana na bei nafuu, wala si kosa, ila ukuta ule ushakuwa nguzo tena.

Lenta usiitegemee. Ile imemwagwa kwa ajili ya mlango na dirisha, nafasi ya mita moja au zaidi kidogo. Ukiitolea matofali chini mita tatu na nusu haitaanguka siku ile ndo maana fundi anaona sawa, itapinda pole pole, utaona ufa unatokea kwenye kona na milango ya jirani yake inaanza kukwama. Hapo panatakiwa bimu ya zege. Kwa urefu huo kina chake sentimita 30 kwenda 35, na ncha zake zikalie si chini ya sentimita 20 kila upande, nondo ngapi na za mm ngapi akupe injinia. Mirunda, ile miti ya kushikilia kwa muda, inawekwa KABLA ya kuvunja tofali la kwanza. Zege linafika nguvu yake siku 28, mirunda isitolewe kabla ya wiki mbili tatu, na kila siku limwagiwe maji, joto letu hili zege linakauka juu tu ndani bado.

Shangani_Juu
Kama ni Mji Mkongwe msifikirie hata kidogo. Kule ukuta ni mawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, na boriti za mkoko zimekalia humo ndani ya ukuta, ndo maana vyumba vyote vyembamba, boriti haifiki mbali. Ukitoa ukuta umetoa na dari ya jirani wa juu. Halafu kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima wakupe kibali, tangu 2000 mji uko urithi wa dunia. Beit al Ajaib yenyewe, lile jumba la sultani la zamani, ilianguka upande Disemba 2020 na ilikuwa imo kwenye matengenezo, watu wawili walifariki. Najua dada yupo Fuoni lakini wapo wa mjini wanasoma hapa.

BiMpendae
Shoga kwani lazima uutoe wote? Mie nilibakisha vipande huku na huku kama mkono mmoja na nusu, kati pakawa wazi, bimu ikawa fupi na gharama ikapungua. Nikatia pazia zito, siku za kawaida wanawake wanakaa upande wao wageni hawatuoni, siku ya shughuli navuta. Na mwambieni fundi wa umeme azime meni swichi kwanza, hizo swichi za ukutani zina paipu zinashuka ndani ya tofali.

Bint_Fuoni
Ahsanteni sana. Leo kijana kapanda na tochi kanipigia picha. Mbao mbili zimeungwa pale pale juu ya ukuta, zimepigiliwa kibao ubavuni, na si kenchi moja, zote. Nimemuonesha fundi akasema "ah basi tutatia nguzo katikati", nguzo katikati ya ukumbi nipite wapi na sinia! Nishamwambia asimame mpaka injinia aje, mume wangu kanyamaza. Nitafanya kama alivyosema BiMpendae nibakishe vipande. Ila fundi kasema mchanga atautoa kwa jamaa yake pwani maana wa shamba shida kupata, una tatizo?

MwashiMstaafu
Una tatizo kubwa. Mchanga wa pwani una chumvi, inakula nondo ndani ya zege na bimu inapasuka kuanzia chini. Subiri wa shamba hata ukichelewa. Bimu ya mita mbili na kitu haitaki mchanga mwingi, gari moja dogo la keri linatosha na unabaki wa plasta.

MtuWaWete
Na vifusi msitupe, nina shimo uani hapa. Gharama za boti juu yako 😂